Bado Isiyo na Tarehe

Ilikuwa mwaka elfu mbili na ishirini na nne. Hapana, nakosea. Ishirini na nne ndio mwaka treni ya umeme ilipoanza kuja Dodoma, watu wa Zuzu wakawa wanakwenda mjini kuitazama tu, bila safari. Haya ninayoyasimulia yalitokea mwaka uliofuata, wakati watu walikuwa wameshaizoea, hata Sikudhani muuza vitumbua alikuwa ameshaipanda akarudi analalamika kwamba inafika upesi mno, hapati muda wa kuongea na jirani. Basi ni ishirini na tano. Mwenye hesabu nyingine aniambie. Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza lote.

Kazi yangu ni kunoa. Nina baiskeli ambayo nikiisimamisha haiendi popote: nakanyaga pedali, jiwe linazunguka, visu vinapata makali. Natoka Hombolo, napita mjini, nafika Zuzu, na mvua ikiwa nzuri nateremka mpaka Bahi, maana penye mpunga pana mundu na penye mundu ananiita mtu. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nina miguu ya mgeni: inaaga kabla ya kukaribishwa.

Siku hiyo nilitaka kumtumia binti yangu wa Bahi hela ya dawa ya mbuzi. Nikamuuliza Sikudhani wakala wa karibu yuko wapi.

"Mzee Yotham, unahangaika nini? Nenda kwa Flaviana, ile nyumba ya geti la bluu. Yule ana mawakala zaidi ya elfu."

"Elfu?"

"Kasema mwenyewe. Tena hata mmoja hana mwavuli."

Nikasukuma baiskeli mpaka geti la bluu. Nikapiga hodi. Akatoka mwanamke wa miaka arobaini hivi, kitenge kiunoni, miwani juu ya kichwa, ana uso wa mtu aliyezoea kuwapokea watu.

"Shikamoo, babu. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa mawakala."

"Mawakala gani?"

"Hao elfu. Nipe mmoja tu, nitume Bahi, niendelee na safari yangu."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Babu, mawakala wangu hawatumi hela. Wanaitumia."

"Hela wote tunaitumia. Wako wapi?"

"Hawana wapi. Ni mashine. Ni akili mnemba."

Nikachungulia chumbani. Meza moja, kompyuta moja, na dirishani chupa za asali zimepangwa kutoka pembe hii mpaka pembe ile, nyingine zimeanza kupandana. Nasema kweli, niliona asali nyingi kuliko nilivyoona akili.

Akanipa kigoda na chai ya tangawizi, akanieleza. Nami nawaeleza nilivyoelewa; aliyeelewa zaidi anywe chai yake taratibu. Kuna mfanyabiashara anataka kununua saruji kwa kampuni asiyoijua. Zamani angemtuma mtu akapange foleni, aulizie. Siku hizi anaiambia mashine yake: nenda kanitazamie kampuni hii kama iko hai, ni ya nani, na kama imepeleka taarifa zake za mwaka kwa msajili. Hiyo mashine inayotumwa ndiyo inaitwa wakala. Wakala anaingia kwenye chombo kinachoitwa Chungulia, chenye nakala za nyaraka za makampuni, anachungulia, anarudi kwa bwana wake na jibu. Na kila akichungulia, bwana wake anakatwa hela.

"Kuchungulia kunalipiwa?" nikauliza.

"Kunalipiwa, babu."

"Basi Sikudhani anadaiwa na mtaa mzima."

Kazi ya Flaviana ilikuwa kuandika maelezo ya hicho chombo, pamoja na majibu yake. Yasomwe na mawakala wenyewe, si na watu. Ingia hivi, taja kampuni hivi, uliza hivi, utakatwa hivi, utajibiwa hivi, na ukijibiwa hivi ufanye hivi. Yalikuwa ya Kiswahili, maana wateja wenyewe walizungumza na mashine zao kwa Kiswahili.

"Wakala hana wa kumuuliza," akaniambia. "Anajua nilichoandika, basi. Nikikosea neno moja, wote wanakosea, tena kwa pamoja."

"Kama kwaya iliyofundishwa wimbo vibaya."

"Na kwa sauti zote nne, babu."

Nikamnolea kisu chake cha jikoni bure, kwa ajili ya ile chai. Tangu siku hiyo kila nikipita Zuzu nilikuta kisu hicho kimekuwa butu tena. Mwanamke anayekatia nyanya tu hawezi kubutua kisu namna ile, lakini sikuuliza. Chai ilikuwa nzuri.

Flaviana ni mtoto wa Hombolo, baba yake alikuwa na shamba la zabibu. Kwao, alinisimulia, neno hapana halikutamkwa. Jirani akija kuazima jembe, na jembe hawataki kulitoa, mama alisema, "Bado halijarudi," nalo jembe limesimama nyuma ya mlango linasikiliza. Mgeni akiulizia zabibu, "Bado hazijaiva," na watoto wamejaa maji yake mpaka kidevuni. Mama yake alimfundisha hivi: hapana ni kumfungia mtu mlango, bado ni kumpa kigoda.

Akasoma chuo palepale Hombolo, akapata kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya mjini ambayo sitaitaja, maana bado nanoa visu vya kantini yao. Hapo ndipo bado yake ilipoiva kuliko zabibu. Faili lako bado. Saini bado. Bosi bado hajaingia, na bosi anakohoa chumba cha pili. Watu walitoka wanamshukuru.

Mmoja wa watu hao alikuwa kijana anaitwa Wilbert, aliyekuwa anafuatilia kibali cha kampuni yake. Huyu Wilbert alinieleza kwa kinywa chake: "Mzee, yule dada alinizungusha mpaka viatu vikaisha, na kila siku nilitoka pale najiona mtu wa heshima." Alipokuja kutengeneza hiyo Chungulia akakumbuka. Mtu anayeweza kukunyima kitu ukamshukuru, akasema, huyo ndiye wa kuniandikia maneno ya chombo changu. Akamchukua kwa miezi mitatu ya majaribio.

Akifaulu, kazi inakuwa yake, anaifanyia nyumbani kwake Zuzu, bila bosi wa kukohoa. Akishindwa, kiti cha mapokezi kimeshapata mtu mwingine, na kodi ya nyumba haisubiri. Atarudi Hombolo kwa kaka yake, akae chumba cha nyuma, na kila asubuhi wifi yake amuulize kama ameolewa.

"Na wewe unamjibu nini?" nikamuuliza.

"Namjibu bado."

"Nilijua."

Sasa nimtaje Gaudence, kwa sababu zile chupa za dirishani zilikuwa zake. Gaudence ni Msandawe wa Chemba, mgane, mrefu, mpole, anauza asali kwa pikipiki. Kila alipokuja mjini alipita Zuzu, ingawa Zuzu haiko kwenye njia ya kutoka Chemba, hata ukipotea. Kiswahili chake kimenyooka, lakini akifikiri alifikiri kwa lugha ya kwao, ulimi ukagonga kinywani, na mara ya kwanza Flaviana aliona anasonywa.

"Unanisonya, kaka Gaudence?"

"Sikusonyi, dada. Nawaza."

"Waza kimyakimya."

Siku niliyomwona mara ya kwanza alisimamisha pikipiki, akaniamkia vizuri, akavua kofia.

"Dada Flaviana, vipi lile jambo letu?"

"Bado, kaka Gaudence."

"Haya. Hii hapa asali." Akaweka chupa dirishani, akavaa kofia, akaondoka. Hela hakuchukua. Flaviana akarudi kwenye kompyuta yake kana kwamba aliyepita ni msoma mita.

"Jambo gani hilo?" nikauliza.

"Babu, kisu kimekwisha?"

Basi bwana. Jumatatu moja, miezi mitatu inaelekea ukingoni, nimekaa hapo barazani nakanyaga pedali, ikaja gari inatimua vumbi mpaka kuku wakapanda ukuta. Akashuka Wilbert, shati nusu ndani nusu nje.

"Dada Flaviana, umeniua!"

"Msalimie mzee kwanza."

"Shikamoo, mzee. Dada, umeniua!"

"Marahaba," nikasema, "pole kwa msiba."

Hakucheka. Akaketi juu ya ngazi akafungua simu yake. "Tangu Jumamosi. Mashine ya yule mteja wa Dar es Salaam imeingia Chungulia, imeuliza: Ulimboka na Wanawe wamepeleka taarifa ya mwaka? Imejibiwa, bado. Ikasubiri kidogo, ikauliza. Bado. Ikauliza. Bado. Jumapili watu wako kanisani, yenyewe inauliza. Mpaka salio lote la mteja limekwisha, ndipo ikanyamaza."

"Maskini," akasema Flaviana. "Haikuchoka?"

"Haichoki! Ndiyo tabu yake, haichoki!"

"Hao Ulimboka na Wanawe ni kina nani?" nikauliza.

"Kampuni ya malori, mzee. Ilifungwa zamani. Ulimboka mwenyewe analima alizeti, wanawe wako makwao. Hakuna taarifa, na haitakuja mpaka kiama." Akamgeukia Flaviana. "Sasa wewe kwenye maelezo umeandika, nasoma: 'Ikiwa kampuni haina taarifa, utajibiwa: bado.' Kwa nini bado?"

"Niseme hapana? Mtu ametoka Dar es Salaam na hela yake mkononi?"

"Si mtu!"

"Ametumwa na mtu."

"Dada. Bado maana yake nini?"

"Bado maana yake haipo."

"Bado maana yake itakuja!"

"Kwa asiye na adabu. Mwenye adabu akiambiwa bado anajua."

"Mimi nilijua? Pale mapokezi kwako, mimi nilijua?"

Flaviana akafikiri. "Wewe ulikuwa unarudi tu."

"Nilikuwa narudi kwa sababu uliniambia bado!" Akainuka, akaingiza shati upande uliokuwa nje, upande wa pili ukatoka. Halafu sauti ikashuka. "Sikiliza. Ijumaa asubuhi mteja anakuja ofisini na mashine yake. Akiridhika, tumepona. Asiporidhika, anaondoka na wenzake wanamfuata, na mimi sitakuwa na namna ya kukubakiza. Maelezo nitaiachia mashine ijiandikie yenyewe. Sipendi, lakini ndiyo hivyo."

Gari likaondoka. Kuku wakashuka. Flaviana akakaa anatazama zile chupa.

"Chumba cha nyuma," akasema. "Kina dirisha linalotazama choo."

Sikwenda Bahi wiki ile. Nilisema mvua, na mvua haikuwepo.

Kwenye kompyuta yake alikuwa na wakala wa mazoezi, wa kujaribia tu, asiyekatwa hela. Jumanne akaifuta bado, akaandika: "Kwa sasa hatujabahatika kuipata." Wakala akasoma, akauliza, akajibiwa, akatulia kidogo, akauliza tena kujaribu bahati. Akaandika: "Tunaendelea kuitafuta." Wakala akarudi mbio: mmeipata? Akaandika: "Tuombe uzima." Hapo wakala hakurudi, tukafurahi, tukanywa chai. Kumbe ameenda kumwandikia bwana wake kwamba kampuni ni mgonjwa.

Jumatano akaandika, "Mungu akipenda." Mungu anisamehe kwa ninachokisimulia, lakini yule wakala aliuliza kama huyo ni mkurugenzi au ni mwenye hisa.

"Mwanangu," nikasema, "andika hapana."

Akaweka vidole. Akaandika herufi tatu. Akafuta.

"Mama ananiona."

"Mama yako yuko wapi?"

"Yuko Hombolo, kwenye zabibu."

"Basi hakuoni."

"Babu, wewe humjui mama."

Nikajaribu mimi kumsaidia kwa njia nyingine. Nikamwambia, fanya mazoezi kwangu. Nikaomba sukari. Akasema bado inafungwa. Nikaomba anikopeshe kofia yake ya jua. Akasema bado haijakauka, na kofia iko kichwani. Nikamuomba nimuoe.

"Babu!"

"Jibu."

"Bado hujafikisha umri," akasema, na mimi meno yangu unayahesabu kwa mkono mmoja.

Alhamisi mchana, pikipiki. Gaudence akashuka, akaniamkia, akavua kofia, chupa mkononi.

"Dada Flaviana, vipi lile jambo letu?"

"Bado, kaka Gaudence."

Mdomo wangu una tabia yake. Ukasema wenyewe: "Wakala mwingine huyo kaja."

Gaudence akanitazama. Flaviana akanitazama. Halafu akazitazama chupa za dirishani, moja baada ya moja, kama mtu anayesoma majina ukutani siku ya matokeo. Akatoka mpaka barazani.

"Kaka Gaudence, nikuulize. Zile chupa zote, umeleta za nini?"

"Mtu haendi kuuliza jambo mikono mitupu."

"Yaani kila ukiuliza, unalipa."

"Sijaiita hivyo. Lakini kama unataka kuiita hivyo, nimelipa."

"Siku ya kwanza ningekuambia hapana, ungefanyaje?"

Ulimi wake ukagonga. "Ningerudi na asali yangu nikaiuza."

"Na ningekuambia ndiyo?"

"Ningeila hapahapa."

"Na nilipokuambia bado?"

"Nilisikia njoo tena," akasema Gaudence. "Wewe ulisema nini?"

Uso wa Flaviana ulibadilika. Akakaa kwenye ngazi palepale alipokaa Wilbert. "Nilifikiri nakupa kigoda," akasema taratibu. "Kumbe nimekusimamisha barabarani na mzigo."

"Kwetu," Gaudence akasema, si kwa hasira, "mtu akikukataa unasikia kabisa. Tak! Kama kufuli. Unaumia siku moja, ya pili unaenda kutafuta mzinga mwingine. Lakini Kiswahili chenu hiki kina milango isiyofungwa wala kufunguliwa. Mtu anakaa kwenye upepo."

Akaweka chupa, akavaa kofia. Safari hii Flaviana hakungoja pikipiki iwake. Alikuwa ameshaingia ndani, na kibodi inalia kama mvua ya bati. Gaudence akabaki ameshika usukani anasikiliza. Baadaye tukaitwa wote wawili, tukasimama nyuma ya kiti chake, akatusomea:

"Hapana. Maana yake: haipo na haitakuja. Usiulize tena, maana jibu litakuwa hilihili na utakatwa hela bure. Bado. Maana yake: haijafika, lakini siku yake ya kufika inajulikana, nayo utatajiwa. Usirudi kabla ya siku hiyo. Bado isiyo na tarehe si bado. Ukiipata, ujue tumekosea sisi, wala usilipe."

"Hapo pa tarehe," akasema Gaudence, "soma tena."

Akasoma tena.

"Haya," akasema Gaudence. Akawasha pikipiki, akaondoka, nami nikaona ameondoka na kitu kichwani.

Ijumaa Flaviana akaniambia, "Twende babu, nikianguka unidake." Ofisi ya Wilbert iko juu ya duka la vipuri. Mteja alikuwa mama mmoja wa makamo anaitwa Shamimu, mtandio mzuri, kompyuta mapajani, hana haraka ya kutabasamu. Mashine yake ilikuwa inaongea kwa sauti ya kike, kama ile ya kutangaza vituo kwenye treni. Wilbert alikuwa amevaa tai, nayo ilimkaba kabla ya mteja.

"Nimeirudishia salio," akasema Shamimu. "Nikiona inauliza mara mbili, naizima na naondoka." Akaiambia mashine: "Kanitazamie Ulimboka na Wanawe."

Tukangoja. Mashine ikasema: "Nimejibiwa hapana. Kampuni ilifungwa. Sitauliza tena."

Ikanyamaza. Tukaendelea kungoja. Flaviana alinishika mkono, akaufinya mpaka nikakumbuka mifupa niliyokuwa nimeisahau. Hakuna kitu. Kimya.

"Imekufa?" nikauliza.

"Imeelewa, mzee," akasema Wilbert, jasho linamtiririka.

Kumbe haikuwa imemaliza. "Pia," ikasema ile sauti, "wamesema pole na safari."

Wilbert akafumba macho. "Dada Flaviana. Pole na safari?"

"Nimemwambia hapana," akasema Flaviana. "Sikusema nitamwambia kama mbwa."

"Naifuta sasa hivi, mama Shamimu, naifuta..."

"Iache," akasema Shamimu. Na hapo ndipo alipotabasamu, kidogo, upande mmoja. Akaijaribu kwa kampuni nyingine, ambayo siku yake ya kupeleka taarifa ilikuwa haijafika. Mashine ikasema imejibiwa bado, ikataja tarehe, ikasema itarudi siku hiyo na si kabla. Ikalala. Shamimu akafunga kompyuta, akamuuliza Flaviana, "Hili wazo la tarehe umelitoa wapi?"

"Kwa muuza asali," akasema Flaviana.

Shamimu akadhani ni methali, akatikisa kichwa kwa heshima.

Alipoondoka, Wilbert alilegeza tai akapumua. "Jumatatu, dada, uje usaini. Kazi ni yako." Akanigeukia mimi. "Na wewe mzee, ulikuwa unafanya nini kwenye hii kazi?"

"Kunoa," nikasema.

Tukarudi Zuzu. Flaviana akanunua vitumbua vyote vya Sikudhani, akampigia simu wifi yake wa Hombolo, akamwambia kile chumba cha nyuma awekee mbuzi. Nilisikia yule wifi akimuuliza kitu. Nilisikia pia Flaviana akifungua mdomo kusema lile neno lake, akasita, akakata simu.

Wiki iliyofuata nilikuwa barazani pale, kisu kimekuwa butu tena, sijui kilikuwa kinakata mawe. Ikaja pikipiki. Gaudence akashuka, akaniamkia, akavua kofia. Mikono mitupu.

"Leo sikuleta asali," akasema. "Nimekuja kuuliza bila kulipa."

Flaviana alikuwa mlangoni, miwani juu ya kichwa.

"Dada Flaviana, vipi lile jambo letu? Na kabla hujajibu, mimi maelezo yako nimeyasikia kwa masikio haya, mara mbili. Nataka jibu la humo. Kama ni hapana, sema hapana, niambie na ile pole na safari niliyosimuliwa. Kama ni bado, nitajie tarehe."

Nikaacha kukanyaga. Kuku mwenyewe aliacha kupekua.

Flaviana akanitazama mimi. "Babu," akasema, "noa."

"Kimeshapata, mwanangu, kinakata hata..."

"Noa, babu."

Nifanyeje? Nikakanyaga. Jiwe likalia, kisu kikalia, cheche zikaruka, na katika kelele hizo nikamwona anasogea, anasema neno. Fupi au refu, sikuliona vizuri, maana macho yangu nayo yana umri wake. Ulimi wa Gaudence ukagonga, hilo nilisikia, tak, lakini kama lilikuwa la kufuli au la kuwaza mimi Kisandawe sikijui.

Halafu akaenda dirishani. Akachukua chupa moja, akaifungua, akachovya kidole, akalamba. Nikasema moyoni, ahaa, anaila hapahapa. Kisha akaifunga, akazipakia zilizobaki zote kwenye kreti la pikipiki, akazifunga kamba moja moja. Nikasema moyoni, ala, anakwenda kuziuza. Akaniaga vizuri, akavaa kofia, akaondoka akipiga mluzi, na mluzi haukuwa wa msiba, lakini hata siku ya mazishi ya mkewe, nasikia, alipiga mluzi.

Hapo dirishani alibakisha chupa moja tu, ile aliyoilamba.

Nimempitia Flaviana mara nyingi tangu hapo. Kazi inamwendea, Wilbert amenenepa, mawakala wanauliza mara moja na kwenda zao. Nikimuuliza, ananiambia chai inapoa. Nilikutana na Gaudence njia ya Bahi, nikamuuliza. Akagonga ulimi akacheka. Nikamwomba Wilbert aulize Chungulia, akasema hiyo haimo kwenye nyaraka. Hata Sikudhani hajui, na kama Sikudhani hajui basi hakuna anayejua. Juzi nikasimama tena kwenye geti la bluu, baiskeli mkononi, na alipokuwa anaingia ndani kuchukua kisu nikamuuliza kwa mara ya mwisho kabla sijateremka Bahi:

"Mwanangu, ulimwambia hapana, au ulimpa tarehe?"